R na Lua: Mwenyeji na Mgeni wa Mwaka 1993

Ilipofika tarehe 28 Julai 1993, lugha mpya ya kompyuta iliyoitwa Lua ilikuwa imekwisha kuanza kazi katika maabara ya chuo kikuu cha Kikatoliki cha PUC-Rio, jijini Rio de Janeiro. Mwezi uliofuata, walimu wawili wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, waliweka nakala za lugha yao, R, katika StatLib, hazina ambamo wanatakwimu wa siku hizo walibadilishana programu, wakawatangazia wenzao kwamba anayetaka kuijaribu aichukue. Kazi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wowote. Zilitokea tu kukomaa msimu mmoja, kila moja upande wake wa kusini mwa dunia, mbali na maabara za Marekani na Ulaya zilizozoea kuipa dunia lugha za kompyuta.

Miaka thelathini na ushei baadaye, R ni chombo cha kila siku cha wanatakwimu, watafiti wa magonjwa na wanabiolojia wa nchi nyingi. Lua haionekani kwa macho, lakini ipo: ndani ya michezo ya kompyuta, ndani ya seva, ndani ya programu za kuhariri picha, hata ndani ya Wikipedia ya Kiswahili. Wanaozilinganisha hupenda kupima kasi na ukubwa. Kwa vipimo hivyo Lua hushinda bila kutoka jasho, na ushindi huo haumsaidii mtu kuchagua. La kuuliza ni kila lugha ilitungwa kwa ajili ya nani. R ilijengwa iwe mwenyeji: mtu huja kwake na data zake, na wanaojiweza humwongezea vyumba. Lua ililelewa tangu utoto kuishi ugenini, na mgeni mwenye busara hasafiri na masanduku mengi.

Habari za R huanzia nyuma kidogo, tena mahali pengine: Murray Hill, New Jersey, kwenye Bell Labs, maabara za utafiti za kampuni ya simu ya AT&T. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanatakwimu wa hapo walikuwa na akiba kubwa ya programu ndogondogo za Fortran. Zilikuwa kazi nzuri, ila kila aliyetaka kuchora grafu moja, au kutafuta mstari unaofuata vipimo vyake, alilazimika kuandika programu kamili ya kuziita. Kwa utafiti wa mwaka mzima hiyo si taabu. Kwa swali dogo linalomjia mtu katikati ya asubuhi, ni kero tupu. Tarehe 5 Mei 1976 John Chambers na wenzake, akiwamo Rick Becker, walikaa kujadili namna ya kumpa mchambuzi chombo cha kuzungumza nacho ana kwa ana: aandike amri, apate jibu, alitazame, kisha aulize tena kwa namna nyingine. Chombo hicho kikaitwa S, herufi moja tu, kama C iliyozaliwa katika maabara hizohizo.

S ikakua. Ikahamia kwenye mfumo endeshi wa Unix, ikaanza kutoka nje ya Bell Labs, ikaandikwa upya. Kitabu chake cha mwaka 1988, ambacho wenyewe hukiita kitabu cha buluu kwa sababu ya jalada, kinaeleza lugha ambayo mtumiaji wa R wa leo angeisoma bila kuhitaji mkalimani. Mwaka 1998 Chambers alitunukiwa kwa ajili ya S tuzo ambayo jumuiya ya wanakompyuta, ACM, huitoa kwa mifumo bora ya programu. Lakini S ilikuwa mali ya watu. Toleo la kuuzwa, S-PLUS, lilitoka katika kampuni moja ya Seattle, na mwaka 1993 kampuni hiyo ikapewa leseni ya pekee ya kuiendeleza na kuiuza S. Kwa hiyo mwaka uleule ambao mlango wa S ulikabidhiwa mwenye duka, dirisha lilifunguliwa Auckland.

Waliolifungua ni Ross Ihaka na Robert Gentleman. Ihaka ana asili ya Wamaori, naye alikuwa amepata shahada yake ya udaktari Berkeley, California. Gentleman ni Mkanada. Idara yao ilikuwa na maabara ya kufundishia iliyojaa kompyuta za Macintosh, na hawakuona programu ya takwimu iliyowaridhisha kwa mashine hizo. Wakakubaliana waandike yao. Hapakuwa na mfadhili wala mpango wa miaka mitano. Walikuwa walimu wawili wenye wanafunzi wa kufundisha na hamu ya kujaribu jambo.

Na jambo lenyewe lilitoka kitabuni. Ihaka alikuwa amevutiwa na kitabu maarufu cha Abelson na Sussman wa MIT, ambacho hufundisha uandishi wa programu kwa kutumia Scheme, tawi dogo na safi la lugha kongwe ya Lisp. Kwa hiyo wao hawakuanza kwa kunakili S. Waliandika kwanza intapreta ndogo, yaani programu ya kusoma amri na kuzitekeleza papo hapo, kwa mtindo wa Scheme. Mistari ya C iliyotumika ilikuwa kama elfu moja. Kisha wakaivika sura ya S, kwa kuwa wanatakwimu walikwisha kuizoea sura hiyo. Jina nalo likafuata mkondo: herufi ya kwanza ya Ross na ya Robert, na pia herufi iliyo jirani na S.

Uzazi huo wa mseto una matokeo ambayo mpaka leo yanaonekana. Ndani ya R kuna onyesho dogo linalofuatana nayo kila inaposakinishwa, la akaunti ya benki. Funksheni moja inafungua akaunti yenye kiasi fulani, kisha inarudisha funksheni nyingine za kuweka fedha, kutoa na kuuliza salio. Kila akaunti inakumbuka salio lake, wala ya Asha haichanganyiki na ya Juma, kwa sababu funksheni hubeba mazingira ilikozaliwa. Katika S ya wakati ule jambo hilo halikuwezekana hivihivi. Ni urithi wa Scheme, nao ndio uliompa mwanatakwimu lugha kamili ya programu huku akidhani amepewa kikokotoo kilichochangamka.

Nakala za mwaka 1993 zilikuwa za kutumia tu. Msimbo wake haukuwamo. Aliyebadilisha hilo ni Martin Mächler, mwanatakwimu wa ETH ya Zurich, aliyewasihi wawili hao waitoe R chini ya leseni ya GPL ili yeyote aweze kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Walikubali, na Juni 1995 msimbo ukatoka. Kuanzia hapo marekebisho yalimiminika kuliko uwezo wa watu wawili, na mwaka 1997 likaundwa kundi la wasimamizi wa R. Baadaye John Chambers mwenyewe alijiunga nalo. Baba wa S akaja kukaa kwa mwanawe. Aprili mwaka huohuo wa 1997, Kurt Hornik na Friedrich Leisch wa Vienna walitangaza CRAN, ghala la vifurushi vya nyongeza. Lilianza na vifurushi 12. Toleo la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000, siku ambayo kwenye kalenda haipatikani kila mwaka, na naamini waliichagua kwa tabasamu.

Rio de Janeiro kulikuwa na hali tofauti kabisa, nayo ilianzia kwenye siasa. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 Brazili iliwekea vikwazo vikali uingizaji wa kompyuta na programu kutoka nje. Serikali iliamini kwamba nchi inaweza, na inapaswa, kujitengenezea vyake. Wabrazili wanabishana hadi leo kama sera ile ilisaidia au iliumiza, na sitaki kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba ilizaa mazoea: ukihitaji programu, huagizi ng'ambo, unaitengeneza. Mei 1987 PUC-Rio ilianzisha Tecgraf, maabara ya michoro ya kompyuta iliyofanya kazi kwa karibu na viwanda. Mteja wake mkubwa alikuwa Petrobras, kampuni ya mafuta ya taifa.

Wahandisi wa Petrobras walikuwa na adha moja iliyojirudia kila siku. Walitumia programu za zamani za kuigiza mwenendo wa mambo yao ya mafuta, na programu hizo zilidai data kwa umbo lisilobadilika: safu za namba tupu, kila namba mahali pake, pasipo lebo. Namba ikisogea nafasi moja, matokeo yote yanaharibika, na mtu hajui hata pa kuanzia kutafuta. Tecgraf ikawatengenezea madirisha ya kuingizia data, na ili isiandike kila dirisha upya, ikabuni lugha ndogo ya kueleza dirisha lina sehemu gani na ukomo gani. Lugha hiyo iliitwa DEL. Kwa mradi mwingine wa Petrobras, wa kutoa ripoti za tabaka za miamba, ikabuniwa lugha ya pili, SOL.

Baada ya muda, watumiaji wakaanza kuomba zaidi: kama sharti hili limetimia fanya hivi, rudia mpaka ufike hapa, kokotoa hiki kwanza. Wakati lugha ya kueleza inapoombwa ianze kufikiri, imekwisha kuwa lugha ya programu, hata kama mwenyewe hajakubali. Katikati ya mwaka 1993 Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes walikutana kuzungumzia DEL na SOL, wakaona bora zote mbili ziachwe, itungwe moja yenye nguvu. Kwa kuwa SOL ni jua kwa Kireno, rafiki mmoja pale Tecgraf akapendekeza mpya iitwe Lua, mwezi. Celes ndiye aliyeandika intapreta ya kwanza.

Kabla ya kutunga waliangalia vilivyokuwapo. Tcl ilikuwa na sintaksia ya ajabu na ilikaa Unix tu. Lisp na Scheme zingewatisha wahandisi kwa mabano yake. Python ilikuwa bado changa. Masharti yao yalikuwa wazi: watumiaji wengi si wanaprogramu, kwa hiyo lugha isiwe ya mafumbo; wateja wana mashine za kila aina, zikiwamo za DOS, kwa hiyo iandikwe kwa C ya kawaida inayokubalika kokote; na isikae peke yake, bali iingie ndani ya programu nyingine na kupokea amri kutoka kwake. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoiumba Lua. Mimi husema R ilizaliwa darasani na Lua ikazaliwa kazini, ingawa zote mbili zilizaliwa chuo kikuu.

Lua ilitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza Julai 1994, toleo 1.1, na leseni yake iliruhusu matumizi ya kitaaluma bure lakini ya kibiashara hapana. Kosa hilo halikudumu. Waliona kwamba washindani wao, Perl na Tcl, walikuwa huru kwa wote, na mnamo Februari 1995, katika toleo 2.1, wakaondoa kizuizi. Hapo utaona kwamba Rio na Auckland zilifikia uamuzi uleule wa kufungua mlango katika mwaka mmoja, na kwamba pande zote mbili hazikuanza na imani ya programu huria. Ziliisogelea kwa hesabu: watu hawatakuja kama wamefungiwa.

Desemba 1996 jarida la wanaprogramu la Marekani, Dr. Dobb's Journal, lilichapisha makala kuhusu Lua. Mapema mwaka 1997 Bret Mogilefsky wa kampuni ya michezo ya LucasArts aliwaandikia Wabrazili hao kwamba ameisoma na anataka kuitumia badala ya lugha ya ndani ya kampuni yake, SCUMM. Mchezo uliotokana na hapo, Grim Fandango, ulitoka mwaka 1998, na habari zikaenea miongoni mwa watengenezaji wa michezo. Mwaka 2004 World of Warcraft iliwapa wachezaji wake Lua ya kujipangia skrini zao, na hivyo vijana wengi ambao hawakuwahi kufikiria kuandika programu wakajikuta wanaandika.

Kwa nini michezo? Kwa sababu shida ya mtengeneza mchezo ni shida ya Petrobras ileile. Injini ya mchezo imeandikwa kwa C au C++, inakimbia sana, na kuibadilisha ni kazi ya wahandisi. Lakini anayeamua mlinzi wa lango aseme nini, au mlango ufunguke lini, ni msanii, naye anataka kubadilisha sentensi moja na kuona matokeo sasa hivi. Lua hukaa kati yao. Ni nyepesi kiasi kwamba msimbo wake wote, mpaka matoleo ya karibuni, ni takriban mistari 30,000 ya C, na ikishajengwa inachukua kilobaiti mia chache. R hujaza makumi ya megabaiti kabla hujaongeza kifurushi hata kimoja.

Hapo ndipo watu huhitimisha kwamba R ni nzito kwa uzembe. Si hivyo, na mfano mmoja wa kliniki unaonyesha. Muuguzi amepima uzito wa watoto watano, lakini kipimo cha mtoto wa tatu kimepotea. Katika R ataandika namba nne na, mahali pa ile ya tatu, NA. Akiuliza wastani, R itamjibu NA. Wanaoanza hukasirika, lakini jibu ni la kweli: kama hujui uzito wa mmoja, hujui wastani wa watano. Akitaka wastani wa wanne waliopimwa, lazima aseme waziwazi kwamba asiyejulikana aachwe, kwa kuandika na.rm = TRUE. Lugha inamlazimisha achukue dhamana ya uamuzi ambao katika utafiti unaweza kupotosha kila kitu.

Lua haina NA. Ina nil, na nil maana yake si kwamba thamani haijulikani, bali kwamba hakuna kitu. Lua ina muundo mmoja tu wa kuhifadhia data, jedwali, ambao hutumika kama orodha, kama kamusi, kama kitu chochote. Kuweka nil katika jedwali ni kukifuta kilichokuwapo. Muuguzi akiandika orodha yenye nil katikati kisha akauliza ina urefu gani, mwongozo rasmi wa Lua unaruhusu jibu liwe 5 au 2, yote mawili sahihi. Akiipitia kwa ipairs, safari itakoma kwa mtoto wa pili na wa nne na wa tano hawatahesabiwa, bila onyo lolote. Kwa mchezo wa kompyuta huo ni mpango mzuri unaookoa kumbukumbu. Kwa kliniki ni hatari.

Tofauti hiyo haikutokana na akili ya mtungaji mmoja kumshinda mwingine. Wanatakwimu huishi na data zenye mapengo, hivyo lugha yao ikawa na neno la pengo. Katika R hata namba 5 peke yake ni vekta yenye urefu wa moja. Ukizidisha uzito wote mara mbili unaandika mara moja na watoto wote wanazidishwa. Ukitaka kujua kama uzito unafuata umri, unaandika uzito ~ umri, na R haikokotoi maneno hayo mara moja, bali inayashika kama yalivyo na kuyapeleka kwa funksheni itakayoyatafsiri. Huo ni urithi wa Lisp, lugha ambayo msimbo wake wenyewe ni data. Katika Lua ungeandika kitanzi, na fomula ungelazimika kuiweka katika alama za nukuu.

Geuza sasa upande wa pili. Mpe R kazi ya ugeni. Inawezekana kuiingiza ndani ya programu ya C, lakini programu moja hubeba R moja tu, na R hiyo hudhani kwamba anayeiandikia ndiye mwenye mashine. Inaweza kufuta faili, kufungua mtandao, kula kumbukumbu yote, kwa sababu mtafiti kwenye meza yake anahitaji uhuru huo. Programu inayobeba Lua inaweza kufungua mamia ya Lua zisizojuana, kila moja na mipaka yake, na kuinyima kila moja faili, mtandao au hata saa. Mwenye nyumba ndiye anayeamua mgeni aone vyumba gani. Ndiyo maana Wikimedia, ilipotafuta lugha ambayo mhariri yeyote asiyejulikana anaweza kuandikia violezo vya Wikipedia, ilichagua Lua, na kuanzia mwaka 2013 ikaisambaza katika wiki zake. Ukifungua makala ya nchi au mji katika Wikipedia ya Kiswahili na kuona kisanduku cha habari pembeni, kuna uwezekano mkubwa kwamba msimbo wa Rio umefanya kazi kidogo kabla ukurasa haujakufikia.

Kuna jambo moja linalozifananisha ambalo huwaudhi wanaprogramu wengi: lugha zote mbili huhesabu orodha kuanzia 1, si 0 kama C. Malalamiko hayo hayaniingii. Mwanatakwimu na mhandisi wa mafuta huhesabu kuanzia moja, kama watu wengine wote sokoni. Na kuna urithi mwingine wa pamoja: toleo 5.0 la Lua, mwaka 2003, lilikamilisha funksheni zinazobeba mazingira yake. Ile akaunti ya benki ya Auckland sasa ingeandikika Rio pia, karibu mstari kwa mstari. Scheme, ambayo Wabrazili waliikataa kwa mabano yake, iliwarudia kupitia mlango wa nyuma.

Umri umezitendea tofauti. Mwenyeji mwenye wapangaji wengi hawezi kubomoa ukuta. CRAN sasa ina vifurushi zaidi ya 20,000, vingi vikitegemeana, na badiliko dogo katika R linaweza kuvunja mamia. R ilikuwa na desturi ya kugeuza maneno kuwa makundi ya kitakwimu kila inaposoma faili, desturi iliyowatesa watumiaji kwa miaka. Ilikomeshwa tu Aprili 2020, katika toleo 4.0.0. Ihaka mwenyewe alichoka kungoja. Mwaka 2008, pamoja na Duncan Temple Lang, aliandika makala kupendekeza mfumo mpya wa takwimu uanzishwe juu ya Lisp, kwa kuwa R ilikuwa na kasoro za kasi zisizorekebishika bila kuivunja. Si kawaida mtungaji kusema hadharani kwamba dunia ihame nyumba aliyoijenga. Dunia haikuhama.

Lua hufanya kinyume. Timu yake ni ileile ndogo, na haioni haya kuondoa kitu kilichokuwapo katika toleo lililopita. Toleo 5.2 la mwaka 2011 liliacha baadhi ya mambo ya 5.1, na toleo 5.3 la mwaka 2015 liliongeza namba kamili, wakati kabla yake namba zote kwa kawaida zilikuwa za desimali. Wanathubutu kwa sababu anayebeba Lua ndani ya programu yake hubeba toleo analolitaka, wala halazimiki kulibadilisha. Gharama yake ni kwamba familia imetawanyika. World of Warcraft ilibaki na 5.1. LuaJIT, kazi ya kustaajabisha ya Mike Pall inayoipa Lua kasi karibu na ya C, nayo kimsingi ilibaki na 5.1. Jukwaa la michezo la Roblox lilichukua Lua na kuikuza kuwa lugha yake lenyewe, Luau. Maktaba ya pamoja ya kiwango cha CRAN, Lua haijapata kamwe.

Upungufu huo uligharimu mara moja, na hasara ilikuwa kubwa. Karibu na mwaka 2011 Torch7, mfumo wa kufundishia mitandao ya neva, ulikuja ukitumia Lua na LuaJIT. Kwa miaka michache Lua ilikuwa katikati ya akili mnemba: Facebook waliitumia, na msimbo wa kampuni ya DeepMind wa programu iliyojifunza kucheza michezo ya Atari, uliotolewa pamoja na makala yao katika jarida la Nature mwaka 2015, uliandikwa kwa Lua. Mgeni alikuwa ameingia shamba la R, shamba la namba na modeli, na R hakuwa hata mlangoni kumzuia. Kisha, Januari 2017, ikatoka PyTorch, injini ya aina ileile lakini kwa Python. Watafiti wakahama haraka, kwa sababu anayefundisha modeli anahitaji pia kusoma faili, kusafisha data, kuchora grafu, na kwa Lua kila kimoja cha hivyo kilikuwa kazi ya kujitafutia. R ilikuwa navyo vyote, ila haikuwa na Torch. Python ilichukua pande zote mbili.

Kwa mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura, hatima ya R ndiyo inayomgusa moja kwa moja. Leseni ya programu ya takwimu ya kulipia inaweza kuzidi uwezo wa idara nzima, sembuse mtu mmoja, na nakala za wizi zina mwisho wake: jarida likiuliza uchambuzi ulifanywaje, mtafiti hawezi kutaja chombo asichokinunua. R humwondolea aibu hiyo. Zaidi ya hapo, inamwachia hati ya kila hatua aliyopita, na msimamizi wake anaweza kuirudia hesabu yote kwenye kompyuta nyingine na kupata jibu lilelile. Lua itamgusa iwapo anajenga kitu: mchezo, kifaa chenye kumbukumbu ndogo, programu ambayo wateja watataka kuirekebisha bila kumpigia simu kila siku.

Nikilazimishwa kutoa hukumu nitasema hivi: Lua ni lugha iliyosanifiwa vizuri zaidi, na R ni lugha iliyofaa watu wengi zaidi. Lua unaweza kuijua yote kwa wiki chache, na ukausoma msimbo wake wote kwa mwaka ukipenda. R hakuna anayeijua yote, wakiwamo wanaoitunza. Ukiwa na data na swali, usipoteze muda na Lua, pakua R kutoka CRAN leo. Ukiwa na programu inayotaka kuzungumza na watu usiowajua, pakua Lua. Zote mbili ni bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote atakayetaka kuusoma.